Jeki Chini ya Kitanda

Kila Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu, mimi na Bibi tulipakia miche. Bibi ana kitalu nyuma ya nyumba: safu kumi na mbili za miche ya mboga, matunda, maua na miti ya kivuli, kila mche ndani ya mfuko wake mweusi wa plastiki. Kazi yangu ilikuwa kuinyunyizia maji, kuipanga kwenye makreti ya mbao na kuibeba hadi kwenye gari. Kazi ya Bibi ilikuwa kunikosoa.

"Usiukabe shingo, huo si kuku! Shika mfuko." Alisema hivyo kila Jumamosi, hata pale nilipokuwa nimeshika mfuko.

Gari letu lilikuwa kuukuu, lenye nafasi kubwa nyuma, na watu wa mtaani walilipa jina la Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Bibi hakujali. "Wacheke tu," alisema. "Wao wanakwenda kwa miguu."

Mimi mwenyewe naitwa Mbishi. Jina hilo halimo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, lakini Mjomba aliniita hivyo nilipokuwa na miaka minne, siku niliyokataa kuvaa viatu alivyoniletea, na likaninata. Mama anafanya kazi ya uuguzi mji wa mbali, kwa hiyo naishi na Bibi, na ubishi wangu mwingi ameulea yeye.

Mjomba ni karani wa ofisi kubwa, mtu wa mashati meupe yaliyonyooshwa kwa pasi. Anampenda mama yake, hilo silibishi. Tatizo ni kwamba upendo wake una amri nyingi. Miezi mitatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Kobe alipata pancha karibu na soko. Bibi akampigia Mjomba simu. Tulimsubiri saa tatu nzima, miche ya nyanya ikanyauka mbele ya macho yetu. Hatimaye akaja na fundi wa pancha wa mtaani kwetu, ambaye sote tunamwita Fundi Pancha. Fundi alibadilisha tairi, Mjomba akasimama pembeni akitoa maagizo. Nilimtazama vizuri siku ile. Hakugusa hata nati moja.

Kazi ilipokwisha, alimgeukia Bibi. "Mama, umri huu si wa kuhangaika barabarani. Pancha ijayo ukinipigia simu, nitakuja, lakini nitaondoka na funguo za gari. Tumeelewana?"

"Na nisipokupigia?" Bibi akauliza.

"Utapiga tu," Mjomba akasema, akacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Bibi bila gari hawezi kupeleka miche kwa watu, na Bibi bila miche sijui angekuwa nani. Tulipofika nyumbani Bibi alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Bibi," nikasema, "sisi wenyewe tutajifunza."

"Tutajifunza kwa nani?"

"Kwa Fundi Pancha."

Fundi Pancha alinifukuza mara tatu. "Binti, mikono hiyo ni ya kalamu," alisema. "Nenda kasome."

"Nasoma Jumatatu mpaka Ijumaa. Leo ni Jumapili."

"Basi nenda kapumzike."

Mara ya nne sikuingia kwake. Nilichukua ndoo, nikaipindua upande wa pili wa barabara, nikakaa juu yake. Barabara si yake. Nilikaa pale Jumapili nne, nikaona yote: anavyolegeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, ndipo anapandisha jeki, anavyokaza nati moja kisha ile inayoitazama ng'ambo, badala ya kuzifuata kwa duara, na namna asivyoingiza mwili wake chini ya gari hata mara moja. Jumapili ya tano alinipigia kelele kutoka ng'ambo.

"Haya, wewe wa ndoo! Umeona nini siku zote hizo?"

Nikamtajia hatua moja baada ya nyingine. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Umesahau kuweka mawe kwenye magurudumu mengine, gari lisitembee."

"Sijasahau," nikamjibu. "Leo hukuyaweka wewe."

Fundi akatazama mawe yake yaliyokuwa yamelala ukutani, akakuna kichwa. Hakunifukuza tena.

Nyumbani tulifanya mazoezi uani, mimi na Bibi. Siku ya kwanza nati hazikusogea hata kidogo. Nilivuta spana mpaka viganja vikaiva. "Usivute," Bibi akasema. "Panda juu ya spana. Uzito unao, utumie." Nikapanda, nati ikalia, ikakubali. Bibi naye alipanda, ameshikilia paa la gari kwa mkono mmoja na kanga yake kwa mkono mwingine. Baada ya wiki tatu tuliweza kubadilisha tairi kwa dakika kumi na tisa kwa saa ya jikoni. Bibi akanitangaza kuwa mkuu wa vifaa. Tairi la akiba, spana, jeki na mawe mawili, vyote vilikuwa chini ya ulinzi wangu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilikuwa na tabia ya kujirusha kitandani nikitoka shule, na Bibi alikuwa amenikanya mara nyingi. Jumatatu moja nilijirusha, mguu mmoja wa kitanda ukavunjika. Nikakaa sakafuni nikiwaza. Ndipo nikakumbuka jeki. Nilikwenda kuichukua kwenye gari, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaizungusha mpaka kitanda kikakaa sawa kama mwanzo. Nilijiona mjanja wa dunia nzima. Nikajiambia ni kwa siku moja tu.

Jumatano jioni Bibi aliniuliza, "Mkuu wa vifaa, vyote vimo garini?"

Sikuinua hata macho kwenye daftari. "Vimo," nikasema.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu kusema kweli kuhusu jeki kungenilazimu kusema kweli kuhusu kitanda. Tena nilikuwa nimekwisha kupanga kuirudisha Alhamisi. Alhamisi ikaja na mambo yake, Ijumaa ikaja na yake.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mzigo mkubwa kuliko yote: miche mia na ishirini ya miti ya kivuli kwa shule moja ya mbali. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo, na mwalimu mkuu alitutarajia saa tatu asubuhi. Tulipakia makreti, dumu la maji, sepeto na jembe dogo tunalotumia kupandia, tukaondoka.

Tulikuwa tumepita matanuri ya matofali, mahali pasipo na nyumba hata moja, Kobe alipoanza kuyumba. Nyuma kukasikika kitu kikipigapiga chini. Bibi akapunguza mwendo taratibu, akatoka pembeni mwa barabara, akasimama mahali tambarare. Tukashuka. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limelala, halina upepo kabisa.

Bibi alitabasamu. Kweli kabisa, alitabasamu, akafunga kibwebwe. "Leo ndiyo leo," akasema. "Acha yule karani asubiri simu mpaka sikio limchoke. Mkuu wa vifaa, kazini!"

Nilifungua buti nikijua nisichokwenda kukiona. Tairi la akiba lilikuwepo. Spana ilikuwepo. Mawe yalikuwepo.

"Bibi," nikasema. "Jeki iko nyumbani. Iko chini ya kitanda changu."

"Imefuata nini kitandani?"

Nikamweleza yote. Sikuacha kitu. Tabasamu lilimtoka polepole, na afadhali angenipigia kelele.

"Jumatano nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama vyote vimo."

"Ukajibu nini?"

"Vimo."

Alichomoa simu kwenye mkoba wake, akaninyooshea. "Mpigie mjomba wako. Mwambie aje achukue funguo. Wewe ndiye unayempigia, maana mimi jeki yangu sijaipoteza."

Machozi yalinilenga, lakini hasira yangu kwa nafsi yangu ilikuwa kubwa zaidi. "Sipigi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sipigi, Bibi. Nimekosa, nimekubali. Ukitaka kuniadhibu, niadhibu. Lakini funguo zako hazitoki kwa sababu yangu. Simpigii!"

Tukatazamana. Bibi akarudisha simu mkobani, akaketi juu ya kreti. "Haya, wewe usiyepiga simu. Tairi litainuka kwa ubishi?"

Nilitembea huku na huko kandokando ya gari. Buti lilikuwa wazi, jembe dogo likinitazama. Nikasimama. Mawazo yalikuja vipande vipande, nikayasema kabla hayajakimbia.

"Bibi, jeki inaliinua tairi ili liachane na ardhi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na sisi hatuwezi kuliinua tairi. Lakini ardhi tunaweza kuishusha."

Bibi akainuka. "Lete jembe," akasema.

Kwanza tulishusha makreti yote ili kumpunguzia Kobe mzigo, tukayapanga upande wenye kivuli cha gari. Bibi akakaza breki ya mkono, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Nikapanda juu ya spana, nikalegeza nati zote tano kidogo. Kisha tukatafuta mawe bapa. Yale yaliyokuwa karibu hayakutosha, ikabidi nivuke mtaro kuchukua mengine.

Mtu mmoja alipita na baiskeli yenye mzigo wa majani, akasimama bila kushuka. "Mama, mngewasubiri wanaume," akasema.

"Tumewasubiri," Bibi akamjibu. "Umekuja wewe, na hata kushuka hujashuka."

Mtu yule alicheka kwa aibu. Akashuka, akatubebea jiwe kubwa kuliko yote kutoka ng'ambo ya mtaro, akatutakia kazi njema, akaenda zake.

Mawe tuliyapanga chini ya ekseli, ule mhimili mnene unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Tuliyasukuma kwa mpini wa sepeto, na juu yake tukabana kipande cha mbao kutoka kwenye kreti, mpaka hapakuwa na nafasi hata ya kidole. Mzigo wa gari ungekaa hapo.

"Mikono tu," Bibi alikuwa akirudia. "Sitaki kichwa chini ya gari. Sitaki bega. Mawe yakiteleza, nipoteze jembe, nisikupoteze wewe."

Nikaanza kuchimba chini ya tairi lenye pancha, nimepiga magoti pembeni. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Jembe liligonga na kurudi. Bibi akalitazama dumu la maji, akaitazama miche, akamimina kidogo kwenye shimo. "Hayo tu," akasema. "Yaliyobaki ni ya wenyewe." Udongo ukalainika, nikachimba. Nikichoka, Bibi anapokea jembe, na mimi nazoa udongo kwa sepeto. Jasho liliniingia machoni. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, moja likapasuka. Sikusema. Kama nisingeichukua jeki, tungekuwa tumekwisha kufika.

Simu ya Bibi ikalia. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Tunakuja, Mwalimu... Pancha tu... La, hatuhitaji mtu... Saa ngapi? Tukifika utatuona."

Tuliendelea. Baada ya muda mrefu niligusa tairi, likazunguka. Lilikuwa linaning'inia, halikanyagi kitu! Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Bibi akanitazama kwa jicho kali. "Bado hatujamaliza. Tairi zima ni nene kuliko lililolala. Ongeza kina."

Nikaongeza. Tukatoa nati tano, Bibi akazifunga kwenye ncha ya kanga zisipotee. Tukavuta tairi bovu, tukaingiza la akiba. Nikarudisha nati kwa vidole, kisha nikakaza kwa spana: moja, kisha ya ng'ambo, kisha ya ng'ambo tena. Mwisho tukachonga mbele ya shimo mteremko wa kutokea, tukautandika mbao mbili za kreti. Nikaondoa mawe ya mbele, nikasimama mbali kama nilivyoamriwa. Bibi akawasha gari. Kobe alinguruma, akasita, kisha akapanda mbao polepole na kutoka shimoni. Mawe ya chini ya ekseli yakabaki nyuma yamesimama peke yake.

Nilikuwa naruka na kushangilia niliposikia honi. Gari la Mjomba lilikuwa linakuja kwa kasi, na ndani yake, kando ya Mjomba, alikaa Fundi Pancha.

Mjomba alishuka, mkono umekwisha kunyooka. "Mama, poleni sana. Funguo."

"Nani kakupigia?" Bibi akauliza kutoka kwenye usukani.

"Mwalimu mkuu. Namba yangu ipo kwenye kibao cha kitalu."

"Mimi nimekupigia?"

Mjomba aligeukia nyuma ya gari. Kisha akaliona shimo. Akayaona mawe, jembe, na magoti yangu yaliyojaa udongo. "Hii ni nini? Mmechimba? Jeki iko wapi?" Hakusubiri jibu. "Unaona, Mama? Unatembea na gari lisilo na jeki, na mtoto ndani! Haya ndiyo ninayoyasema kila siku!"

Bibi hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara mbele yake, na nilielewa kwamba hatanisemea. Uongo mzuri ulikuwa tayari kwenye ulimi wangu: jeki imevunjika leo hii, hapa hapa. Nani angejua? Lakini nikakumbuka ile "vimo" ya Jumatano.

"Bibi hana kosa," nikasema. "Jeki niliichukua mimi nikaegemezea kitanda nilichokivunja. Bibi aliniuliza, nikamdanganya. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa kitu, Mjomba, ninyang'anye mimi. Lakini funguo za Bibi usiziguse. Hakukosa, hakukupigia simu, na tairi tumebadilisha!"

Mjomba alinitazama kama mtu ambaye hanijui.

Fundi Pancha alikuwa ameshachuchumaa penye tairi. Alichukua spana, akajaribu nati moja moja. Ya kwanza haikusogea. Ya pili, ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Ya tano ilizunguka kiasi cha upana wa ukucha. Akainuka, akajifuta mikono.

"Gurudumu limefungwa," akamwambia Mjomba. "Wewe nimejaribu kukufundisha mara mbili, mara zote ukaogopa grisi. Huyu nilimfukuza, akajifunza juu ya ndoo."

Bibi alicheka mpaka akaegemea usukani. Mjomba alitazama shati lake jeupe, akatazama mikono yangu. Mwishowe akakunja mikono ya shati.

"Sawa, Mama," akasema. "Kaa na funguo zako."

"Sikuwa nakuomba," Bibi akajibu. "Njoo ubebe kreti."

Akabeba. Alipotaka kuondoka alikuwa na udongo mpaka kifuani, na kabla hajaingia kwenye gari lake nilimsikia akimuuliza Fundi kwa sauti ya chini jeki huwekwa upande gani.

Baada ya kilomita chache Bibi alisimama, akaniagiza nikaze nati tena, tukaendelea. Tulifika shuleni saa sita. Miche mitatu tu ndiyo iliyonyauka. Wanafunzi walikuwa bado wanatusubiri kando ya mashimo yao.

Tukiwa njiani kurudi, ndipo Bibi aliposema. "Jumatano ungeniambia umevunja kitanda, ningekasirika kwa muda wa kuchemsha chai, kisha ingekwisha. Leo ujuzi wako wote ulikuwa huku barabarani, na jeki ilikuwa kule kitandani. Kilichovitenganisha ni neno lako moja. Anayeshika vifaa anashika maisha ya watu, mjukuu wangu. Mtu akikuuliza kama vimo, anakukabidhi usalama wake."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe uliposema mbele ya mjomba wako, maana pale ilikuwa rahisi kunyamaza. Na ubishi wako sikuombi uupunguze. Mbishie kila anayekuambia huwezi. Ila ukweli usiubishie."

Nyumbani niliirudisha jeki garini kabla sijanawa mikono. Kitanda kikainama upande mmoja. Bibi hakuita seremala. "Fundi si yumo humu ndani?" alisema. Nililala kichwa chini miguu juu wiki nzima, mpaka nilipojifunza kuchonga mguu mpya.

Siku hizi, Bibi akiniuliza kama vifaa vimo, sijibu hapo hapo. Nakwenda kwanza kufungua buti.